Mwongozo kamili: kuchagua vifaa vya kupima umeme wa gari na kuunga nyaya ukiwa nyumbani

Malalamiko ni mawili na hayaishi. La kwanza: "Nimenunua kile kidude cha Bluetooth, simu inasema kimeunganishwa, lakini gari haisomi." La pili: "Kompyuta imesema sensa, nimebadilisha sensa, taa ya cheki injini bado inawaka."

Mwenye lalamiko la kwanza alinunua kifaa kabla ya kujua gari lake linatumia mfumo gani wa mawasiliano. Wa pili aliichukua kodi, yaani namba ya kosa inayotolewa na kompyuta ya gari, kama hukumu. Kodi hutaja saketi (njia ya umeme) yenye tatizo, basi. Kama kasoro iko kwenye waya, kwenye pini au kwenye sensa yenyewe, hilo hujulikana kwa mita.

Ndiyo maana mpangilio wa hapa chini unaanza na mita, kisha kisoma kodi, halafu vifaa vya kuunga nyaya. Ukiwa na fedha ya kifaa kimoja tu mwezi huu, nunua mita.

Nazungumzia magari ya petroli yaliyotumika kutoka Japani, yenye betri ya volti 12: IST, Vitz, Raum, Premio, Noah na wenzao. Kama una Prius, Aqua au haibridi nyingine, kazi za upande wa volti 12 zinafanana, ila nyaya nene zenye ganda la rangi ya chungwa hubeba zaidi ya volti 100. Hizo usizipime, usizikate, usizisogeze.

## Vifaa vinavyohitajika

Vya kupimia:

- Mita ya dijitali yenye volti za DC (umeme wa betri), omu, mlio wa kupima kama waya umeungana, na ampea 10
- Taa ya kupimia ya volti 12, yenye klipu na ncha kali
- Kisoma kodi (aina yake utaijua ukimaliza Hatua ya 1)
- Klipu mbili za meno na sindano mbili nyembamba za kuingiza nyuma ya plagi

Vya kuunga nyaya:

- Koleo la kuchuna ganda la waya
- Koleo la kubania teminali (vichwa vya chuma vya waya), lile lisiloachia mpaka limebana hadi mwisho
- Teminali na viungo vya kubana, saizi mbili au tatu
- Mirija inayosinyaa kwa joto, yenye gundi ndani
- Waya wa gari wa shaba, wa nyuzi nyingi
- Fyuzi za akiba na tepu ya kitambaa

Ongeza spana namba 10, brashi ndogo ya waya, tochi na miwani ya kukinga macho. Pete na saa ya chuma vua kabla ya kufungua boneti. Pete ikigusa chanya ya betri na bodi kwa wakati mmoja, inakuwa ya moto kabla hujapata nafasi ya kuivua.

## Hatua ya 1: Kagua soketi ya gari kabla ya kwenda dukani

Soketi ya OBD, unapochomekwa kisoma kodi, iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Ina matundu 16 katika safu mbili. Mulika na tochi, tazama ni yapi yana chuma ndani. Upande mpana ukiwa juu, hesabu kutoka kushoto: 1 hadi 8 juu, 9 hadi 16 chini.

Pini 16 ni umeme wa betri, muda wote. Pini 4 na 5 ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Pini 6 na 14 ni njia ya mawasiliano ya kisasa iitwayo CAN. Pini 7 ni njia ya zamani, K-line.

Kuwa na soketi ya matundu 16 hakuthibitishi kwamba gari litaongea na kila kifaa, na hapa ndipo wengi wanapoliwa fedha. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II kwa magari mapya kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayakuwa chini ya sheria hizo. Toyota nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zina soketi ileile, lakini kontrol boksi (kompyuta ya injini) inatumia utaratibu wake yenyewe kupitia pini 7. Kifaa kinachotarajia utaratibu wa Marekani kinabisha hodi na hakijibiwi.

Kwa hiyo ukiona chuma kwenye 6 na 14, vifaa vingi vya kawaida vitafanya kazi. Ukiona pini 7 tu, chagua kwa uangalifu mkubwa.

Umefaulu ukiwa na: karatasi yenye namba ya modeli kwenye fremu (mfano NCP61), mwaka, aina ya injini, na orodha ya pini zenye chuma. Nenda nayo dukani.

## Hatua ya 2: Nunua mita, na uijaribu palepale

Mita ndogo za njano aina ya DT830 zinapatikana kila duka la umeme. Kwa kupima volti zinatosha kuanzia. Udhaifu wake ni tundu la ampea 10: nyingi zimeandikwa UNFUSED, yaani halina fyuzi. Ukikosea kuchomeka, kitakachoungua ni mita au nyaya zake mkononi mwako. Ongeza fedha kidogo upate yenye fyuzi kwenye matundu yote ya ampea na inayojichagulia kipimo yenyewe.

Usidanganywe na mita ya kubana, ile inayoukumbatia waya kwa nje, ukidhani itapima ampea za betri. Nyingi za bei nafuu hupima AC (umeme wa nyumbani) peke yake, na gari linatumia DC. Soma alama kwenye kifaa, usitegemee maneno ya muuzaji.

Majaribio ya dukani ni matatu. Gusanisha ncha mbili ukiwa kwenye omu: isome chini ya 0.5. Zitikise nyaya zake huku ncha zimegusana: namba isirukeruke. Pima betri mpya ya redio ya volti 1.5: isome 1.5 au juu kidogo.

Taa ya kupimia inunue pia, kwa sababu mita inaweza kuonyesha volti 12 kwenye waya uliobaki uzi mmoja, wakati taa inahitaji mkondo halisi ili iwake. Onyo: taa yenye balbu usiiguse kwenye nyaya za kontrol boksi wala plagi za njano. Za njano ni za mifuko ya hewa. Hizo hazipimwi nyumbani kwa kifaa chochote. Ukilazimika kufanya kazi karibu nazo, toa hasi ya betri na usubiri. Kwa Toyota angalau sekunde 90.

## Hatua ya 3: Pima betri kabla ya kuituhumu sensa

Betri dhaifu huzalisha kodi za uongo, tena nyingi kwa mpigo. Gari likiwa limelala saa kadhaa, weka mita kwenye volti DC na upime moja kwa moja kwenye risasi za betri (vichwa vyake viwili vya chuma):

- 12.6: imejaa
- 12.4: imebaki robo tatu hivi
- 12.2: nusu
- chini ya 12.0: ichaji kwanza, mengine baadaye

Mwambie mtu apige stata huku unatazama mita. Ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au kuna muunganisho mbovu. Injini ikiwaka, tarajia kati ya 13.8 na 14.5. Honda nyingi hupunguza chaji kwa makusudi zikiwa hazina mzigo, kwa hiyo washa taa kubwa na feni ya kiyoyozi kabla ya kuihukumu altaneta, ile inayochaji betri.

Kisha athi. Ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, halafu piga stata. Zaidi ya volti 0.5 maana yake waya wa athi umeoza au bolti yake imeshika kutu. Kwa walio Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar, anzieni hapa kila mara: hewa ya chumvi huingia chini ya ganda na kugeuza shaba kuwa unga wa kijani, huku nje waya unaonekana mzima.

## Hatua ya 4: Chagua kisoma kodi kinachofaa gari lako

Gari lenye CAN (pini 6 na 14). Kidude cha ELM327, kile kidogo kinachochomekwa kwenye soketi, pamoja na programu ya simu kinatosha. Kwa Android chukua cha Bluetooth. Kwa iPhone, Bluetooth ya kawaida haikubali. Tafuta cha WiFi au cha Bluetooth LE. Vingi vya sokoni ni nakala, na namba ya toleo isikushawishi: "2.1" mara nyingi ni dhaifu kuliko "1.5", kwa kuwa imepunguzwa amri, na wakati mwingine pini 7 haifanyi kazi kabisa.

Toyota ya Japani yenye pini 7 tu. Una njia tatu. Ya kwanza ni ELM327 inayokubali K-line, pamoja na programu kama Torque Pro inayokuruhusu kuweka mwenyewe amri za kuanzisha mawasiliano. Ya pili ni waya wa Mini VCI pamoja na Techstream, programu ya Toyota, kwenye kompyuta ya Windows. Husoma kwa kina zaidi. Ila CD zinazouzwa nao ni za kunakili na huweza kubeba virusi, kwa hiyo tumia kompyuta kuukuu isiyo na nyaraka zako. Ya tatu ni kisomaji cha mkononi chenye orodha ya Toyota ya Japani. Kisomaji kinachodai VIN (namba ya utambulisho wa gari yenye herufi na tarakimu 17) bila njia ya kuchagua gari kwa mkono hakikufai: magari ya soko la Japani yana namba fupi ya fremu, hayana VIN ya aina hiyo.

Kuna njia ya bure pia, kwa Toyota za zamani. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha pini 13 na pini 4 kwa kipande cha waya, kisha weka ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini itapepesa kodi ya tarakimu mbili: mipepeso miwili, kimya, mipepeso miwili ni 22, saketi ya sensa ya joto la maji. Onyo: hesabu pini mara mbili. Waya huo ukitua kwenye 16 badala ya 13, umepiga shoti betri nzima.

Sharti langu kwa muuzaji ni moja: kijaribiwe kwenye gari langu, au nirudishiwe fedha. Asiyekubali, muage.

Umefaulu ukiona: mzunguko wa injini na joto la maji vikibadilika kwenye skrini. "Imeunganishwa" pekee huhusu simu na kidude. Gari halijasema lolote.

Ikikataa, usikimbilie kurudisha. Pima pini 16 na 4 kwa mita. Kukiwa hakuna volti, fyuzi ya soketi imekatika; kwenye Toyota nyingi imeandikwa OBD.

## Hatua ya 5: Soma, piga picha, usifute

Kodi zikitokea, zipige picha pamoja na data zilizohifadhiwa wakati kosa lilipotokea: joto, mzunguko, mwendo. Kufuta kunaondoa ushahidi huo wote, na fundi utakayempelekea gari kesho atabaki akikisia.

## Hatua ya 6: Thibitisha kama ni waya au sensa

Chukua mfano wa sensa ya joto la maji, kwa kuwa inafundisha karibu kila kitu. Feni inazunguka muda wote, gari linakunywa mafuta, kodi ni P0118. Kwenye skrini joto linasoma nyuzi -40 hapa Dar saa saba mchana.

Nyuzi -40 ndiyo namba ambayo kontrol boksi huonyesha saketi ikiwa imekatika. Ikiwa imepiga shoti, huonyesha 140 au zaidi. Ukilijua hilo, jaribio ni la dakika chache:

1. Chomoa plagi ya sensa injini ikiwa imezimwa na imepoa.
2. Unganisha matundu mawili ya plagi (upande wa nyaya, sio wa sensa) kwa kipande chembamba cha waya.
3. Weka ufunguo kwenye ON, tazama skrini.

Ikipanda hadi 140, nyaya zote mbili ni nzima hadi kontrol boksi. Kilichokufa ni sensa. Ikibaki -40, sensa mpya isingekusaidia: kuna waya umekatika, au pini haishiki. Ihakikishe na sensa yenyewe kwa omu: za Toyota husoma karibu omu 2,300 hadi 2,600 kwenye nyuzi 20, na karibu omu 310 hadi 330 kwenye nyuzi 80.

Onyo: kuunganisha matundu ni kwa sensa za joto zenye nyaya mbili tu. Sensa ya nyaya tatu ina volti 5 za kuilisha. Ukiziunganisha ovyo unaweza kuua kontrol boksi.

Kwa taa, feni, pampu ya mafuta na vingine vinavyokula mkondo mkubwa, omu hazitoshi. Waya uliobaki uzi mmoja hulia "piii" kama mzima. Pima volti zinazopotea njiani, kifaa kikiwa kinafanya kazi. Mfano, taa kubwa yenye mwanga hafifu: iwashe, ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi nyuma ya plagi ya taa upande wa chanya. Mita inakuonyesha volti zilizoliwa na waya, swichi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi kwa pamoja. Hadi 0.5 vumilia. Ikiwa 1.6, sogeza ncha nyeusi kurudi nyuma kituo kwa kituo, plagi hadi rilei hadi fyuzi, mpaka namba ishuke ghafla. Kasoro iko kati ya kituo cha mwisho kilichosoma juu na hiki kilichosoma chini.

Rudia upande wa athi: kutoka waya hasi wa taa hadi hasi ya betri. Hapo isizidi 0.2. Kwenye Toyota, waya mweupe wenye mstari mweusi kwa kawaida ndio athi.

Kabla ya kubomoa dashibodi, tazama chini ya usukani. Alamu za dukani, redio na kamera za nyuma hufungwa kwa kuchuna waya wa gari katikati, kuviringisha mwingine juu na kupiga tepu. Tepu ikipata joto la gari lililoegeshwa juani, gundi inayeyuka na kiungo kinabaki wazi. Mahali pa pili ni juu ya injini, ambako panya hujenga.

## Hatua ya 7: Chagua vifaa vya kuunga

Waya. Waya wa nyumba ndio kosa la kawaida kuliko yote. Ule mgumu wa uzi mmoja hukatika kwa mtikisiko, na ganda lake la kawaida limepangiwa joto la nyuzi 70, ambalo karibu na injini ni dogo. Chukua waya wa gari wenye unene ule ule wa wa zamani au kuzidi. Balbu ya wati 55 hula ampea karibu 4.6, kwa hiyo milimita za mraba 1.25 zinatosha.

Kwangua uzi mmoja kwa kisu kabla ya kulipa. Ndani ikionekana nyeupe badala ya nyekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Uache.

Koleo la kubania. Plaisi za kawaida hupondaponda teminali. Waya unachomoka wiki mbili baadaye kwenye rasta za barabarani. Nunua koleo lenye meno yanayolingana na teminali zako. Zenye ganda la plastiki na zisizo na ganda zinahitaji meno tofauti.

Solda. Inafaa ndani ya gari, mahali patulivu. Juu ya injini napendelea kubana, kwa kuwa solda huufanya waya kuwa mgumu, nao hukatikia pale ugumu unapoishia. Ukitumia solda, epuka ile dawa ya asidi ya mafundi bomba. Inakula shaba taratibu.

## Hatua ya 8: Tengeneza kiungo

Jaribu kwanza kwenye vipande chakavu.

1. Toa hasi ya betri.
2. Kata waya mbovu hadi ukute shaba nyekundu inayong'aa. Ya kijani au nyeusi endelea kukata, haishiki.
3. Ingiza mrija unaosinyaa kabla ya kuunga. Kila mtu husahau.
4. Chuna ganda urefu wa kiungo, bila kukata nyuzi hata moja.
5. Bana, kisha vuta kwa nguvu ya mkono. Ukichomoka, ulikuwa utachomoka barabarani.
6. Pasha mrija mpaka gundi ionekane ikichungulia pande zote mbili.
7. Funga tepu ya kitambaa, na uushikize waya mbali na vyuma vya moto na mikanda.

Nyaya mbili zilizo jirani zikatie mahali tofauti, viungo visikae sambamba.

Fyuzi irudi ya ampea zilezile: nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Fyuzi ikikatika tena, shoti bado ipo. Anayekuwekea kubwa zaidi, au kipande cha waya, amezigeuza nyaya za gari lako kuwa fyuzi.

## Hatua ya 9: Hakikisha kazi imeshika

Rudisha betri, rudia kipimo kile kile kilichokuonyesha kasoro, ndipo ufute kodi. Tikisa nyaya ulizogusa huku injini inanguruma na unatazama skrini. Endesha siku kadhaa, asubuhi injini ikiwa baridi na jioni kwenye foleni, kisha usome tena.

Mwisho, hakikisha hakuna kinachonyonya betri usiku. Chomoa hasi, weka mita kwenye ampea 10 kati ya waya na risasi ya betri, funga milango, subiri kama nusu saa kompyuta zilale. Chini ya miliampea 50 ni sawa. Onyo: mita ikiwa imeungwa hivyo usipige stata wala kuwasha taa kubwa, na ukimaliza rudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la volti. Ukiuacha kwenye ampea, kipimo chako kijacho cha betri kitakuwa shoti.

## Vya kuacha kwa sasa

Osiloskopu, mashine za kuandika funguo na visomaji vya bei ya pikipiki vinaweza kusubiri. Kinachostahili fedha inayobaki ni mchoro wa nyaya wa modeli yako, ule wenye namba ya fremu uliyoiandika kwenye karatasi ya Hatua ya 1.